Sura ya Tano: Usikitukane Kichwa

Kituoni Buhongwa, siku ya treni huitambui kwa kalenda. Unaitambua kwa mizigo. Asubuhi nyingine zote daladala za kwenda mjini Mwanza hujaa wanafunzi, mafundi ujenzi na watu wa maduka, kila mmoja na kimkoba chake. Siku ya treni wanaongezeka abiria wa namna nyingine: mama mwenye ndoo mbili za dagaa zilizofunikwa kwa khanga kuukuu na kukazwa kamba, kijana mwenye godoro lililoviringishwa, bibi aliyekumbatia kiroba cha michembe kama aliyebeba mjukuu. Konda huanza kulalamika gari halijasimama bado.

"Mama, hii siyo treni."

Mama hupandisha ndoo ya kwanza, akapandisha ya pili, ndipo anamjibu: "Najua. Ingekuwa treni ningeshapata pa kukaa."

Daladala hiyo nimeipanda mara nyingi bila tiketi ya treni wala safari. Naenda stesheni kutazama tu, kama wengine wanavyokwenda uwanjani kutazama mazoezi. Tunapita Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, ziwa likichungulia upande wa kushoto na mawe makubwa yakiwa yamekalia vilima kana kwamba yataporomoka leo, ingawa hayajaporomoka tangu babu zetu. Stesheni iko huko chini mjini, jirani na bandari. Siku hizi huwa nafuatana na mzee mmoja jirani yangu, dereva wa treni mstaafu, mwenyeji wa Bukwimba, aliyeingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama msaidizi wa dereva. Mara ya kwanza kwenda naye nilifanya kosa. Kichwa kilikuwa kimesimama mbele ya mabehewa kinatetemeka, kinanguruma kwa kusitasita, kikitoa moshi mweusi. Nikasema, "Hiki nacho kimechoka."

Mzee hakuniangalia. "Kijana wangu," akasema, "usikitukane kichwa."

Nilidhani ni mapenzi ya mtu kwa kazi yake ya zamani. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananipa maelezo ya kiufundi.

Tuanze na moshi, maana ndio unaowafanya watu waidharau treni ya dizeli. Lugha yetu inayo maneno mawili ya chombo hiki. Treni tumelichukua kwa Waingereza. Garimoshi tumelitunga wenyewe, na tulilitunga tukitazama injini ya mvuke, ile iliyokula kuni na maji na kutema wingu zima angani. Mvuke ulipoondoka, neno lilitakiwa lifukuzwe kazi pamoja nao, maana dizeli iliyo sawa moshi wake hauonekani sana. Halikufukuzwa. Kisa chake ni injini yenyewe tuliyoletewa.

Aina mbili za vichwa zilizobeba Reli ya Kati kwa miongo kadhaa zinajulikana kwa wafanyakazi kwa namba tu: themanini na nane, na sabini na tatu. Themanini na nane vilitoka Kanada, kwenye kiwanda cha Montreal Locomotive Works, vikaanza kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa bado shirika moja. Sabini na tatu vilitoka India, kwenye kiwanda cha Varanasi, mjini pale kando ya mto Ganga. Januari 1976 kiwanda hicho kiliuza kichwa nje ya nchi kwa mara ya kwanza, na mnunuzi alikuwa Tanzania. Ukivitazama viwili hivi hutadhani ni ndugu. Kimoja kirefu, kizito, chenye nguvu za farasi 2,000. Kingine chembamba, chenye nguvu za farasi kama 1,400. Lakini ukifungua milango ya ubavuni utakuta moyo ni wa ukoo mmoja, injini inayoitwa Alco 251. Iliundwa Marekani katika miaka ya 1950 na kampuni ya American Locomotive Company ya mji wa Schenectady. Kampuni iliacha kuunda vichwa mwaka 1969. Injini haikufa na mwenye nayo: Wakanada waliendelea kuifyatua, Wahindi walikuwa na leseni yake, na sisi tukainunua kwa wote wawili, silinda 12 kutoka Montreal na silinda sita kutoka Varanasi. Ndiyo maana fundi wa karakana aliyezoea kimoja hakuhitaji kuzaliwa upya ili akiguse kingine. Pistoni ya injini hiyo ina upana wa sentimita 23 hivi. Mzee hupima kwa sahani ya ubwabwa.

Sasa moshi. Injini hii inasukumiwa upepo na turbo, na turbo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe unapotoka. Dereva akivuta mkono wa gesi, ambao una hatua nane, mafuta hufika kwenye silinda papo hapo. Upepo hauwahi kufika, kwa sababu turbo lazima kwanza ipate moshi wa kutosha wa kuizungusha. Kwa sekunde kadhaa mafuta ni mengi kuliko hewa, hayaungui sawasawa, na kinachotoka juu ni lile wingu jeusi linalowafanya akina mama wa jukwaani kufunika maandazi. Turbo ikishika kasi wingu linapungua, mngurumo unabadilika kutoka kikohozi kuwa wimbo. Huo ndio "uchovu" nilioutukana siku ile. Wapenzi wa reli huko Ulaya na Marekani wanazijua sana injini za Alco kwa tabia hiyo. Wanazihesabu kuwa binamu wa injini za mvuke. Sisi hatukuhitaji msemo wao. Neno garimoshi lilikuwepo tayari linasubiri, na Alco ikalipa mkataba mpya.

Lakini jambo lililonifanya niandike sura hii ni jingine, na nililipata kwa mzee huyo tukiwa tumekaa kwenye benchi la jukwaani tunakula karanga. Nilimwuliza kama anaionea wivu treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024.

"Wivu wa nini? Mimi maisha yangu yote nimeendesha treni ya umeme."

Alikuwa hatanii. Dizeli ndani ya kichwa haigusi magurudumu hata kidogo. Hakuna gia kama ya lori, hakuna klachi. Injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unapita kwenye nyaya nene hadi kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na kichwa kina ekseli sita na mota sita. Mota ndizo zinazovuta. Kwa maneno mengine, treni ya dizeli ni treni ya umeme iliyobeba mtambo wake mgongoni, kama kinyozi wa kijijini anayetembea na jenereta lake. Tofauti ya ile ya Dar ni kwamba inachota umeme kutoka waya wa juu, na mtambo umeachwa mbali huko kwenye mabwawa na gesi.

Mpangilio huu ndio unaoeleza kwa nini kichwa kinaweza kung'oa mabehewa mazito kutoka kusimama bila kishindo: mota ya umeme ina nguvu kubwa kabisa pale inapoanza kuzunguka. Unaeleza pia hofu ya dereva, ambayo abiria haijui. Mbele yake kuna saa ya kupima ampea zinazokwenda kwenye mota. Treni ikipanda kilima kirefu polepole, mota zinakunywa umeme mwingi na upepo wa kuzipoza hautoshi, na dakika zikizidi zinaungua. Kwa hiyo anayeonekana dirishani ameegemeza kiwiko, ametulia kama mtu anayesubiri chai, kichwani anahesabu dakika. Reli zikilowa umande au zikiwa na majani, magurudumu huteleza, naye anakanyaga kitufe cha kumwaga mchanga. Ndiyo, mchanga. Kichwa cha nguvu za farasi 2,000 hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku na kuumwaga kidogokidogo mbele ya magurudumu ili yapate kushika.

Basi kama mashine ni hii, kwa nini treni ya Mwanza inakwenda kwa mwendo inaokwenda? Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita 1,219, na safari hula siku moja na nusu, mara nyingine mbili, wakati basi linaondoka alfajiri na kulala huku. Jibu la mzee ni lilelile: usikitukane kichwa, tazama chini. Tazama njia.

Njia yetu ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Wajerumani waliianzisha Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hawakuja Mwanza. Huku ziwani pamba, ngozi na karanga za Usukuma zilikuwa zikipakiwa merikebuni kwenda Kisumu, zikapanda reli ya Uganda hadi Mombasa, na ushuru ukabaki huko. Waingereza walipoichukua Tanganyika ndio wakajenga kutoka Tabora kuja kaskazini, kilomita 379, na mwaka 1928 reli ikafika kando ya maji. Reli hii haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilikuja kuchukua pamba. Ukipanga stesheni zake kwa mpangilio, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, unakuwa umesoma ramani ya nchi ya pamba. Wakulima nao waliona: mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, makao yake hapa hapa Mwanza, na marobota yakaendelea kushuka kwa reli hiyohiyo yakiwa sasa na mwenyewe wa Kisukuma.

Reli ya pamba hujengwa kwa bei ya pamba. Chuma chepesi, kona zinazozunguka kilima badala ya kukikata, madaraja madogo juu ya vijito ambavyo kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni mbwa mwitu. Robota halilalamiki likichelewa. Juu ya njia hiyo ndipo tulipoweka mashine za nguvu za farasi 2,000, kisha tukashangaa haziendi mbio. Ni sawa na kumpa mkimbiaji viatu vya nguo halafu kumpitisha kwenye mawe ya Kapripointi hapa mjini.

Sehemu mbaya zaidi, hata hivyo, haziko kwetu. Ziko kati ya Kilosa na Gulwe, bonde la mto Mkondoa, ambako reli na mto vimelala kitanda kimoja na kila masika mto hutaka shuka lote. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalizoa tuta, madaraja na reli. Kwa miezi kadhaa abiria wa Mwanza na Kigoma walilazimika kuanzia safari Dodoma. Wengi huku hawakuwahi kuiona Kilosa, lakini wanajua jina lake kama mtu anavyojua jina la mkopeshaji wa baba yake.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za kuitengeneza njia hiyo: mataruma, kokoto, madaraja, reli nzito zaidi. Kazi ilipangwa kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Toa 970 katika 1,219. Zinabaki 249, nazo ndizo zetu, za kutoka Isaka hadi Mwanza. Kuna sababu: Isaka ndiko iliko bandari kavu, ndiko mizigo ya Rwanda na Burundi inakoshushwa na kupakiwa malori, na mwenye fedha anataka fedha irudi. Naielewa hesabu hiyo. Bado sijaacha kuona kwamba sisi tumezoea kuwa kile kipande cha mwisho cha mua, ambacho mkataji hukitupa kwa watoto.

Wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za reli, hapa kwetu, haziishii ukingoni, zinaingia majini. Bandari ya Mwanza Kusini ina reli zinazoteremka hadi kwenye gati, na kwenye sitaha ya meli MV Umoja, ya miaka ya 1960, kuna reli vilevile. Zikishalingana, mabehewa ya mizigo husukumwa ndani moja baada ya jingine, yanafungwa minyororo, na behewa lililoanzia Dar es Salaam linavuka ziwa likiwa limesimama juu ya magurudumu yake kwenda Port Bell, Uganda. Huduma hiyo ililala miaka mingi ikaamshwa tena 2018. Anayekusukumia mabehewa hayo melini ni dizeli, kwa mwendo wa mtu anayembeba mtoto aliyelala. Nimewaona wafanyakazi wa huko wakitoa ishara kwa mikono, mmoja kwenye reli, mwingine kwenye sitaha, dereva ametoa kichwa dirishani, hakuna anayepiga kelele. Ukipenda kuona ustadi wa kazi hii usiende kutazama treni inayokimbia. Nenda ukaitazame inayosogea sentimita kumi.

Abiria nao walikuwa na kuvuka kwao. Meli ya usiku kutoka Bukoba iliwafikisha hapa asubuhi, mikungu ya ndizi begani, na kutoka bandarini hadi stesheni hapahitaji hata bajaji. Kwa mtu wa Kagera wa wakati ule, Mwanza palikuwa katikati ya safari, na dizeli ilikuwa nusu ya pili ya meli.

Kuna jambo ambalo wazee wa reli hawalizungumzi mpaka wakuzoee. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilisimama kwenye mwinuko ikiwa na matatizo ya breki. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Ilirudi kwa kasi inayoongezeka hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake, karibu na Igandu. Walikufa watu 281. Mzee alilieleza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, halafu akanifundisha breki kana kwamba ndiyo namna pekee ya kuendelea kuzungumza. Breki za treni haziko kwenye kichwa peke yake; ziko kwenye kila behewa, zimeunganishwa kwa bomba linalopita kutoka mbele hadi mwisho. Kabla ya kuondoka, dereva na gadi lazima wahakikishe kwamba kinachofanywa na mkono wa mbele kinafika kwenye behewa la nyuma kabisa. Ndiyo zile dakika ndefu ambazo sisi tumeshakaa, tumeshapunga mikono, waliotusindikiza wameanza kuchoka kutabasamu, na treni haiondoki. Zamani dakika hizo zilinikera. Siku hizi nazihesabu kama sala.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya msukosuko, na nitaipita haraka kwa sababu ni hadithi ya makaratasi zaidi kuliko ya vyuma. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kampuni ya ubia, Tanzania Railways Limited, ambayo asilimia 51 ilikuwa ya RITES ya India. Vikaja vichwa na mabehewa ya kukodi. Mambo hayakwenda, na 2011 serikali ikairudisha yote mikononi mwake. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliuliza hadharani vichwa vilivyokaa bandarini Dar es Salaam ni vya nani, na hakukuwa na mwenyewe. Baadaye serikali ikavinunua 11. Huko stesheni utani ulikuwa mmoja: kuku akipotea ana mwenyewe, kichwa cha treni hakina.

Mwaka 2015 ikaja treni ya Deluxe, mabehewa mapya kutoka Korea Kusini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu walipanda treni wakiwa wamevaa nguo nzuri. Mimi napenda ile ya kawaida. Daraja la pili watu sita chumbani, kwenye vitanda vya ngazi, na daraja la tatu, ambako ndiko safari yenyewe iliko. Daraja la tatu ni kijiji kinachotembea: saa ya kwanza ni ugomvi wa mizigo, ya pili watu wameulizana makwao, ya tatu mtoto wa mtu amelala mapajani pa mtu mwingine. Wauzaji wa stesheni ndogo wanajua kichwa kitasimama wapi na dirisha gani litaangukia mbele ya nani. Hakuna anayekimbia ovyo. Wamepanga mchele, mayai ya kuchemsha, miwa na karanga pale ambapo dirisha litakuja lenyewe. Kwa vijiji vingi vya katikati, ambako barabara kubwa ya lami ilipita mbali, kusimama kwa treni ndiyo siku ya soko. Basi hupita mbio Nzega na Singida. Bukene hakulioni hata vumbi lake.

Na Tabora kuna ile saa ya usiku ambayo mgeni hudhani treni imepata ajali. Treni hukatwa. Mabehewa ya Mwanza, ya Kigoma na ya Mpanda, yaliyokuja yameshikana kutoka Dar es Salaam, yanatenganishwa, yanavutwa mbele, yanarudishwa nyuma, yanagongwa kidogo, taa zinazimika na kuwaka. Mtu aliyeshuka kununua asali akirudi anakuta dirisha lake halipo. Wenyeji wana kanuni: Tabora usishuke na viatu vya ndala, maana utakimbia. Nimeona mume akipelekwa njia ya Kigoma na mke njia ya Mwanza kwa mita kama mia moja hivi, wakipungiana mikono, kabla kichwa hakijawarudisha kwenye jukwaa moja. Walicheka hadi Isaka.

Hapa Mwanza kichwa kina kazi yake ya mwisho, ambayo mimi huja kuitazama na mzee. Reli imeisha, mbele ni mji na ziwa. Kichwa kilichokuja kinavuta kinafunguliwa, kinasogea mbele peke yake, pointi zinageuzwa, kinarudi kwa njia ya pembeni kikiyapita mabehewa yake yote kama mwenye nyumba anayekagua uzio, kinafika mkia, kinashika. Kilichokuwa nyuma kimekuwa mbele. Themanini na nane kina chumba kimoja tu cha dereva, kwa hiyo kurudi kwake mara nyingine ni kwa kutanguliza pua ndefu, dereva akichungulia kwa pembeni mita zote zile za injini mbele yake. "Hapo," mzee huniambia, "ndipo unapojua kuendesha."

Njia mpya imo ujenzini. Juni 14, 2021 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka pale Fela, wilayani Misungwi, mwendo mfupi tu kutoka Buhongwa. Upana wake ni milimita 1,435, na jumla ya njia, pamoja na zile za kupishana, ni kilomita 341. Tuta lake limenyooka. Mzee alikwenda kulitazama, akasimama juu yake muda mrefu, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ubao. "Hii ndiyo niliyokuwa naisema," akasema. Sikumwuliza zaidi. Angepewa njia hiyo na kichwa kilekile cha Montreal, nadhani angetoa nauli yake mwenyewe.

Mara ya mwisho hatukwenda kutazama, tulikata tiketi. Alikuwa anakwenda msibani kwao Bukwimba, akaniomba nimsindikize. Tulikaa daraja la tatu, yeye dirishani. Akina mama wakamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akaitikia kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani tayari. Breki zikajaribiwa, bendera ya kijani ikapepea, kipenga, honi, halafu lile wingu jeusi likapita juu ya madirisha yetu. Tulipotoka mjini alifumba macho na kuanza kugonga goti kwa kidole. Ta-ta. Ta-ta. Nikadhani anasali.

Alikuwa anapima mwendo. Reli za kizamani zimeunganishwa kipande kwa kipande, na kila kiungo gurudumu linagonga. Ukijua urefu wa kipande kimoja, unajua kasi bila saa ya dereva: kama ni mita 12, hesabu viungo kwa sekunde 43, na idadi utakayoipata ndiyo kilomita kwa saa. Reli za kuchomelewa hazina ta-ta, kwa hiyo kwenye njia mpya hesabu hii haitafanya kazi. Mimi nilishika saa, yeye akashika goti.

Mama aliyekaa mbele yetu, ndoo mbili za dagaa zikiwa kati ya miguu yake, alituangalia kwa muda.

"Babu, unahesabu nini?"

"Mwendo, mayu."

"Basi ukimaliza nihesabie na hizi ndoo. Mimi nalala. Tukifika Malya ziwe mbili."

Mzee hakufungua macho. Alisogeza mguu wake, akauegemeza kwenye ndoo iliyokuwa karibu, na kidole kikaendelea.

"Sasa umenipoteza," akaniambia. "Anza upya hiyo saa."